Uchungu Ukianza, Nani Anatoa Ruhusa?

Saa nane za usiku, mjamzito wa miezi minane anaamka kichwa kikimgonga na macho yakiona ukungu. Mumewe yuko machimboni, simu haipatikani. Mama mkwe, aliyezaa saba na wote wakakua, anamshika paji la uso, anasema ni uchovu wa kufua, anamkanda kwa maji ya moto na kumwambia avumilie mpaka kukuche. Katika nyumba hiyo hakuna mtu mbaya. Kila mmoja anafanya analolijua, na saa zinakwenda.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama anayekufa kwa uzazi huwa amecheleweshwa katika hatua moja au zaidi kati ya tatu: kuamua kwenda kutibiwa, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Mpaka leo wakunga hufundishwa hesabu hiyo darasani. Hatua ya pili na ya tatu ni habari ya barabara, gari, damu, dawa na watumishi, na hapo serikali ina la kujibu. Ya kwanza iko chumbani na sebuleni, mahali ambapo bajeti ya wizara haiingii.

Tanzania imesogea sana. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walifikia asilimia 81, kutoka 63. Waliobaki nje ya hesabu hiyo si wote walio mbali na zahanati. Wengine wanaiona kwa macho kutoka uani kwao, ila hakuna aliyewaambia nenda.

Ruhusa itolewe mchana, mbele ya watu

Kazi ya kwanza ya familia yenye mjamzito ni kuimaliza habari ya ruhusa kabla haijahitajika. Mimba ikitimiza miezi sita au saba, mume amwambie mkewe, mama yake mzazi akiwa amekaa hapo hapo na mawifi wakisikia: ukiona dalili ya hatari ondoka, usinisubiri mimi wala usimsubiri mtu. Kusemwa mbele ya watu ndiko kunakoipa nguvu kauli hiyo. Ikisemwa chumbani peke yake, usiku wa shida mama mkwe atasema hajui, na kwa haki kabisa.

Kikao hicho kisiishie kwenye maneno. Nani atamsindikiza, na asipokuwepo nani anashika nafasi yake? Watoto wakubwa watalala kwa nani? Fedha ziko wapi, na je, mjamzito mwenyewe anaweza kuzitoa bila kuomba namba ya siri? Bodaboda gani anaamka usiku? Tanzania ina namba ya dharura ya m-mama, 115, inayopigwa bila malipo. Anayepokea huita gari la wagonjwa au dereva wa mtaani aliyeandikishwa, na nauli hulipwa na mfumo wenyewe. Namba hiyo ihifadhiwe kwenye kila simu ya nyumbani, hata ile ndogo ya bibi. Wanaokaa mbali na hospitali waulizie nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo sehemu nyingine huitwa Chigonella, ili mama ahamie huko wiki za mwisho.

Kuna jambo la damu pia. Hospitali zetu mara nyingi huwageukia ndugu damu inapopungua benki, kwa hiyo wawili watatu wenye afya njema wajijue mapema na wasiwe safarini mwezi wa kujifungua.

Na kuhusu kisu: mtu mzima mwenye fahamu zake ndiye anayeridhia upasuaji wa mwili wake. Zile simu za kumtafuta baba mkwe Sumbawanga ili atoe baraka zinakula dakika ambazo mtoto tumboni hana. Maneno kwamba aliyepasuliwa ni mvivu wa kusukuma yamewagharimu wanawake wengi, hasa wa mimba ya pili. Kovu la upasuaji wa kwanza linaweza kuachia wakati wa uchungu, na mama huyo hatakiwi kujaribu bahati nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Hilo mkunga atalisema kliniki, lakini ni vizuri na shangazi alisikie.

Maswali ya kuwauliza wazee wa pande zote mbili

Kliniki ya kwanza, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka ifanyike kabla ya wiki ya 12, mjamzito huulizwa historia ya familia. Wengi hujibu "hakuna" kwa sababu hawakuwahi kuuliza. Waulize.

Mama au dada aliyewahi kupata kifafa cha mimba ni taarifa kubwa, kwa maana hatari hiyo hufuata ukoo. Kinachowashangaza wengi ni upande wa mume. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa mwanamume ambaye mwanamke wake mmoja alipata presha hatari ya mimba alikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuisababisha kwa mwanamke mwingine. Kwa hiyo mume aliyeoa mara ya pili, au aliyezaa kabla ya ndoa, ana la kusema kwa daktari hata kama ndani ya nyumba halisemwi. Aliseme. Walio katika hatari kubwa wanaweza kuandikiwa aspirini ya kiwango kidogo, na kinga hiyo inatakiwa kuanza mapema, kabla ya wiki ya 20. Mwenye aibu akikumbuka kusema mwezi wa nane, inakuwa imepita.

Selimundu nayo ina siri zake. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, na wabebaji wenyewe hawaumwi chochote. Watoto waliokufa wadogo katika ukoo kwa "kuishiwa damu" au kwa miguu na mikono kuvimba ni sababu ya kutosha ya kupima. Kundi la damu vilevile: mama mwenye damu hasi aliyezaa mtoto mwenye damu chanya anahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72, la sivyo mimba zinazofuata ndizo zitakazolipa. Kuna wanawake walioachwa kwa sababu "hawashiki watoto" na kumbe tatizo lilikuwa hilo.

Mume aende kliniki angalau mara moja, wapime VVU na kaswende pamoja. Bila dawa, mama mwenye VVU anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45. Akitumia dawa vizuri unashuka chini ya 5. Lakini hapa vituo navyo vijirekebishe. Kuna mahali mjamzito asiye na mwenza anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa ndipo ahudumiwe. Huko ni kumwadhibu mwanamke kwa kosa la mwanamume aliyekimbia, na wengine wakisikia hivyo hawaji kabisa.

Soma kadi, usiitunze tu

Kadi ya kliniki hufungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa chini ya godoro kama hati ya shamba. Itolewe. Mtu mmoja nyumbani anayejua kusoma aangalie mstari wa presha baada ya kila hudhurio. Tuseme mwezi wa nne imeandikwa 112/70, wa sita 126/82, wa nane 144/92. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90 baada ya wiki ya 20, huyo si wa kuambiwa apumzike tu. Anarudi kituoni siku hiyo hiyo, apimwe tena na mkojo uangaliwe protini. Jirani yake kuna sehemu ya wingi wa damu: chini ya 11 ni upungufu, na mwenye upungufu akitokwa na damu siku ya kujifungua hana akiba.

Vidonge vya kuongeza damu vinakataliwa na wengi kwa sababu vinachafua tumbo na kugeuza choo cheusi. Vimezwe usiku, na visimezwe na chai, maana majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Udongo ni mgumu zaidi kuuzungumzia. Wajawazito wengi wanautamani, sokoni unauzwa waziwazi, na kumtania mtu hakumwachishi. Utafiti umeuhusisha na upungufu wa damu, na baadhi una madini ya risasi au mayai ya minyoo. Anayeula amwambie muuguzi, na nyumbani aongezewe dagaa, maharage na mboga za majani, na asiwe wa mwisho kupakuliwa. Dawa za kinga ya malaria, zile zinazomezwa mbele ya muuguzi kuanzia mwezi wa nne, zinatakiwa kufika angalau dozi tatu kabla ya kujifungua.

Dalili ambazo hazijadiliwi ni hizi: kutokwa na damu ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, kuvimba uso na mikono, maumivu makali chini ya chembe ya moyo, homa, mtoto kuacha au kupunguza kucheza, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na degedege. Ya mwisho ndiyo inayopelekwa kwa mganga zaidi, kwa sababu mwanamke anayekakamaa na kutoa povu anaonekana amepandisha. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti uliofanyika katika nchi 33 na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa ikitolewa kwa mwenye presha ya mimba, inapunguza zaidi ya nusu uwezekano wa kupata degedege. Ni dawa ya bei nafuu. Familia inayotaka kusoma dua isome ndani ya gari.

"Taja!"

Sehemu nyingi za ukanda huu, uchungu ukichukua muda mrefu wazee huanza kuuliza swali lisilo la kitabibu: umetembea na nani? Inaaminika mtoto hawezi kutoka mpaka mama ataje. Wakati anabanwa ataje, mtoto aliyekaa vibaya anazidi kuchoka na kizazi kinazidi kunyooka mpaka kinaweza kupasuka. Hakuna hatari ya uzazi iliyo wazi kuliko hii inayotengenezwa na ndugu kwa midomo yao. Anayekaa na mzazi mtarajiwa ajue saa uchungu ulipoanza, aiandike, na asimpe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, maana inaweza kukikaza kizazi kupita kiasi bila mtu kujua kipimo chake.

Baada ya mtoto kutoka, macho yote humfuata mtoto. Mmoja abaki na mama. Damu ya nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji ya kunywa, ndiyo kipimo kinachoitwa kutokwa damu kupita kiasi, na ikiendelea bila matibabu inaweza kumuua mama mzima ndani ya saa mbili. Tatizo ni kwamba macho hudanganya. Katika utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, wakunga waliokadiria kwa macho waligundua takriban nusu tu ya wanawake waliokuwa wakivuja. Wale walioweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye vipimo, na kuanza matibabu yote kwa pamoja mstari ulipofikiwa, waligundua zaidi ya 9 katika kila 10, na matokeo mabaya yakapungua kwa asilimia 60. Kama mkunga wa hospitali anapotezwa na macho, shangazi mwenye taa ya simu hatafanya vizuri zaidi. Khanga ikiloa na nyingine ikafuata, ni kuita mtu mara moja.

Mtoto wa nani huyu anadhoofu?

Akirudi nyumbani, mzazi huingia mikononi mwa wanawake wa ukoo. Kwa mambo mengi hapo ndipo penye raha: anakandwa, anapikiwa mtori au uji wa pilipili manga, halali njaa. Ugumu uko kwenye kinywa cha mtoto. Maziwa ya kwanza ya njano bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga, na mtoto akilia wiki ya tatu bibi huleta maji ya moto au dawa ya mchango. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji hata maji, hata Dar es Salaam ya Januari. Kitovu nacho kiachwe kikavu. Jivu, kinyesi cha ng'ombe na mafuta vinaleta vidudu, pepopunda ikiwemo.

Kumpinga mama mkwe waziwazi hakusaidii. Nchini Senegal, Judi Aubel na wenzake walifanya kinyume cha miradi mingi iliyokuwa ikiwalenga mama vijana peke yao: waliwaita bibi, wakawaheshimu kama walimu wa kijiji, wakazungumza nao kwa nyimbo na visa. Ushauri waliotoa bibi hao kuhusu lishe ulibadilika, na wakwe zao wakabadilika nao. Kwa hiyo mpeleke mama mkwe kliniki, akae kwenye benchi, asikie kwa muuguzi aliye rika lake. Neno la "daktari kasema" likiletwa na mkamwana lina uzito mdogo kuliko alilolisikia mwenyewe.

Kisha kuna kubemenda. Mtoto akikonda, akajaa tumbo, miguu ikalegea, mtaani husemwa wazazi wamemharibu: wamekutana kabla hajaachishwa ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Matokeo yake ni mama anayemficha mtoto ndani ili asionekane, na baba anayeanza kuhesabu siku. Mtoto huyo ana utapiamlo, kifua kikuu, VVU, kuhara kusikoisha au ugonjwa mwingine unaopimika. Akiwa na miezi sita au zaidi na utepe wa kupimia mkono ukasoma chini ya sentimita 11.5, ni mgonjwa wa dharura. Tendo la ndoa halichafui maziwa. Linaloweza kuyakatisha ni mimba nyingine ya mapema, na hilo lina dawa yake kliniki. Inashauriwa miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kubeba tena.

Kwa mtoto njiti, ndugu wana kazi iliyo bora kuliko maneno. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali: watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliobebwa kifuani ngozi kwa ngozi tangu saa za mwanzo vifo vyao vilipungua kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza watulie kwenye mashine. Si lazima kifua kiwe cha mama. Baba anaweza, bibi anaweza, wapokezane ili mama aoge na kulala. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa baba angalau siku tatu za likizo. Kenya wiki mbili. Siku tatu ni chache mno, basi zisiishie kwenye kupokea pongezi baa.

Mama anapobadilika

Siku chache baada ya kujifungua wengi hulia bila sababu, na hupita. Ikizidi wiki mbili, akawa halali hata mtoto akilala, hali, hamtazami mtoto au anasema bora asingekuwepo, huo ni ugonjwa.

Baganda wana jina la hali mbaya zaidi, amakiro: mzazi anachanganyikiwa na inahofiwa atamdhuru mtoto, na chanzo husemwa kuwa uasherati wa mke au mume wakati wa mimba. Daktari wa akili Mwingereza John Cox alifanya utafiti juu ya wajawazito na wazazi wa Uganda miaka ya 1970 na kuandika juu ya amakiro mwaka 1979. Aliporudi Uingereza, yeye na wenzake wakatunga mwaka 1987 dodoso la maswali kumi la kupima sonona ya uzazi, ambalo sasa linatumika dunia nzima. Swali la mwisho linauliza kama mama amewaza kujidhuru. Jibu lolote lisilo "kamwe" linatosha kumpeleka hospitali siku hiyo, na mwenye kuona vitu au kusikia sauti asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika za kwenda kisimani.

Sonona ya kawaida ya uzazi inatibika, hata bila daktari bingwa. Huko vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuzungumza na akina mama wenye sonona majumbani, wakiwashirikisha waume na wakwe. Mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama hao ndio waliokuwa bado na sonona, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo.

Wapo ambao shida yao ni mume mwenyewe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005, uliofika Dar es Salaam na Mbeya, ulithibitisha kuwa kipigo hakiishi kwa sababu mwanamke ana mimba. Muuguzi akiuliza kuhusu michubuko anauliza kwa faragha, na mjamzito ana haki ya kumwambia mume asubiri nje. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto. Ndugu anayeijua hali hiyo amsindikize, na yeye ndiye atunze nakala ya kadi ya kliniki na nauli ya akiba, nje ya nyumba ile.

Mahudhurio baada ya kujifungua yasisubiri arobaini. Mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Mila ya kumfungia mzazi ndani siku arobaini inaweza kuendelea na kila kilicho kizuri ndani yake, mradi mlango ufunguliwe kwa safari hizo nne, na mwenye kumsindikiza awe ameteuliwa tangu kile kikao cha mwezi wa saba.